Nimegundua deni la mchumba wangu, na Jumapili ijayo tunatangazwa kanisani

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Iringa, nina miaka 29. Haya ninayokuandikia nimemwambia dada yangu peke yake, naye kanishauri ninyamaze mpaka harusi ipite.

Mchumba wangu ni fundi umeme, kaajiriwa kwenye kampuni binafsi hapahapa mjini. Tumekuwa pamoja miaka mitatu. Posa ilijibiwa mwaka jana, mahari ameshatoa sehemu kubwa, send-off ni wiki ya kwanza ya Desemba na ndoa wiki inayofuata. Kamati inakaa kila Jumapili nyumbani kwa baba mdogo, michango imeanza kuingia, ukumbi tumelipia nusu. Jumapili ijayo ndiyo tunatangazwa kanisani kwa mara ya kwanza.

Mwezi uliopita nilikuwa ofisi ya walimu nasahihisha madaftari ya darasa la nne, ukaingia ujumbe kwa namba nisiyoijua. Ulikuwa na picha ya mchumba wangu, ile ya kitambulisho, na maneno kwamba huyu ni tapeli, kakopa na kukimbia, anayemfahamu amwambie alipe kabla hajaanikwa zaidi. Nikaufuta. Jioni mwenyekiti wa kamati akanipigia, akaniuliza taratibu kama kuna jambo, maana ujumbe uleule ulikuwa umemfikia na yeye. Mshenga naye aliupata. Mama, nilitamani ardhi ipasuke.

Nilipomuuliza mchumba, alisema hao ni matapeli, wanaokota picha za watu mtandaoni. Nikakubali. Baadaye mshenga alinionyesha ule wa kwake, namba ya kitambulisho imo humo humo, nikarudi kumuuliza. Akasema kweli alikopa laki mbili kwenye simu, ameshazimaliza, hayo ndiyo yote. Baada ya kama wiki, mdogo wake wa kike akaropoka tukiwa tunapika kwamba kaka anakatwa mkopo wa SACCOS kwenye mshahara. Hapo ndipo alipokaa chini akanieleza: milioni 2.8 za SACCOS, laki tisa za mtu anayekopesha mtaani, zile tunazoita kausha damu, na laki sita kwenye programu tatu za simu. Jumla milioni 4.3. Akamaliza kwa kusema tena, "Hayo ndiyo yote."

Anasema fedha zilikwenda kwenye upasuaji wa nyonga wa mama yake na ada ya mdogo wake aliye chuo. Upasuaji ni kweli, mimi mwenyewe nilikwenda kumwangalia mama hospitali, na mdogo wake yuko chuo. Ila hizo laki tisa kila nikiziuliza jibu ni "mambo yalinibana."

Ni mwanaume mkimya. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, na watu wote nyumbani wanampenda kwa upole wake. Mimi nina maneno. Mwaka juzi aliniambia kamkopesha rafiki yake laki mbili na rafiki akazima simu. Nilimsema karibu mwezi mzima, nikamwita mjinga mbele ya dada yangu. Nalitaja hili kwa sababu siku aliyonieleza madeni alisema, "Nilikuwa naogopa mdomo wako."

Dada anasema wanaume wote wana madeni na mshahara wa mwanaume hauulizwi. Anasema pia mkimya na msemaji hawakai, labda Mungu ananionyesha mapema. Mama yangu mzazi hajui kitu. Yeye ndiye aliyenisukuma ninunue kiwanja Ipogolo kwa fedha za mchezo, ule wa kuchangishana na kupokezana, akaniambia nisimwambie mchumba mpaka ndoa ikomae, na kweli mpaka leo hajui. Sasa nawaza nikiuze, nimlipie deni, tuanze moja.

Naomba uniambie: je, tabia zetu haziendani? Nikiuze kiwanja? Na Jumapili niende nikae kanisani nisikie jina langu likitajwa?

Mwalimu, Iringa

---

Marahaba, mwanangu.

Pole, hasa kwa ule ujumbe uliomfikia mshenga. Aibu ya namna hiyo humfanya mtu atake mambo yafunikwe haraka, na ndiyo hatari ninayoiona mwanzo hadi mwisho wa barua yako. Dada anataka harusi ipite, mchumba anataka ipite, na nusu yako wewe inataka ipite. Lakini SACCOS itaukata mshahara mwezi Januari vilevile inavyoukata sasa, na utakuwa umeshahamia kwake, unauliza mbona hela ya matumizi imeisha tarehe kumi.

Kwa hiyo nijibu la Jumapili kwanza. Nendeni kwa mchungaji wenu kabla ya siku hiyo, wote wawili, mwombeni matangazo yasianze wiki hii. Si lazima mumweleze kila kitu. Inatosha kusema kuna jambo la fedha mnalimaliza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 au zaidi kabla ya kufunga, kwa hiyo mkichelewa huenda tarehe ya Desemba ikasogea. Isogee. Nimeona ndoa zilizosogezwa miezi miwili zikakaa vizuri, na mchungaji aliyekaa na wachumba wengi hatashangaa. Akikataa mchumba wako kwenda naye kwa mchungaji, hilo nalo ni jibu, liweke akilini.

Sasa swali lako la tabia.

Ninyi wawili mmesikia tangu utotoni kwamba wapole na wasemaji hawakai nyumba moja, au kwamba wanafaana kwa sababu mmoja atanyamaza. Vyote viwili vinasemwa, na hakuna kimojawapo ninachokiamini. Kuna utafiti mmoja wa Marekani ninaoupenda kwa sababu ulianza na watu waliokuwa hapo ulipo wewe, yaani wachumba. Jozi 300 zilianza kufuatiliwa miaka ya 1930, kabla hawajaoana, zikafuatiliwa mpaka kufika 1980, na E. Lowell Kelly na James Conley wakachapisha matokeo mwaka 1987. Wengine walikuwa wameachana, wengine wamekaa bila furaha, wengine wameridhika. Kilichotangulia kuonyesha kwa nguvu zaidi nani ataishia wapi hakikuwa ukimya wala usemaji. Kwa mume na mke pia, ilikuwa hulka ya hisia kuyumba: mtu wa wasiwasi mwingi, anayewaka haraka na kuchelewa kupoa. Na kwa mwanaume peke yake, ilikuwa ni kukosa uwezo wa kujizuia na tamaa ya papo kwa hapo. Maisha yao hayakuwa haya yetu ya mahari, kamati na ndugu wa pande mbili, lakini nikizisoma barua zinazonifikia hapa, hayo mambo mawili nayaona karibu kila wiki.

Yatazame kwako basi. Ukimya wa mchumba wako uweke pembeni, haudaiwi kitu. Hili la kujizuia ndilo la kulichunguza, na linakaa kwenye zile laki tisa. Mkopo wa SACCOS una kazi inayoeleweka: mama kapasuliwa, mdogo yuko chuo. Mtu aliyefika kwa kausha damu ilhali ameshakopa kazini na kwenye simu amebanwa na kitu, na "mambo yalinibana" si jina la kitu. Huenda ni ada ya muhula wa pili. Huenda alikopa kulipa zile za simu, ndivyo madeni haya yanavyozaana. Huenda pia ni kubeti. Simtuhumu, simjui, lakini vijana wengi wenye mshahara wamefika kwa mkopeshaji wa mtaani kwa sababu ya mikeka, na wengi wao ni wapole kama huyo wako. Muulize kwa jina lake, "Unabeti?" Halafu mwombe mfungue pamoja taarifa ya miamala ya simu yake ya miezi sita. Deni la hospitali lina mwisho, likilipwa limekwisha. La kubeti halilipiki kwa kulipa, kwa sababu chanzo bado kipo, na kama ndilo, hakuna tarehe ya harusi ya kupanga mpaka awe ameacha na muda wa kutosha umepita wa wewe kuliona hilo.

Muulize pia kadi yake ya benki iko wapi. Wakopeshaji hawa wana desturi ya kushika kadi ya mtu pamoja na namba ya siri, mshahara ukiingia wanakwenda wao kwanza. Walimu wenzako watakueleza, wako waliowahi kuipitia. Mwambie aitoe mfukoni uione kwa macho. Isipokuwepo, umepata sababu ya hela kuisha tarehe kumi, na mmepata pia pa kuanzia, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha kama biashara awe na leseni, na anayeshikilia kadi za watu mtaani mara nyingi hana.

Hulka yako wewe nitaifikia.

Jambo ambalo hukuliuliza, na mimi naliona ni kubwa kuliko ukimya na usemaji, ni mnachokithamini. Yeye fedha ikifika mkononi inakwenda kwa mama na kwa mdogo. Wewe fedha ikifika inakwenda kwenye mchezo, na mchezo unazaa kiwanja. Hakuna mwenye kosa hapo. Ulimpenda kwa sababu ni mtu asiyemtupa mama yake, na nadhani naye alikupenda kwa sababu una mikono inayoshika. Lakini mama aliyepasuliwa nyonga atahitaji dawa na kliniki mwaka ujao pia, na mdogo bado ana miaka ya chuo. Harusi haitabadilisha hata kimoja. Je, mmeshawahi kukaa na kusema kila mwezi kiasi gani kinakwenda kwao, kiasi gani kinabaki kwenu, na mgonjwa akizidiwa nani anaamua? Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikilitafuta hilo, halimo. Mmezungumza kuhusu ukumbi, sare na idadi ya kadi, na suala hilo, ambalo mtaishi nalo miaka thelathini, mmeliacha lijimalize lenyewe. Matokeo yake kila mmoja kalimaliza kivyake: yeye kwa mikopo ya siri, wewe kwa kiwanja cha siri.

Tofauti hiyo wala haitaisha, nisikudanganye. John Gottman, mtafiti aliyewarekodi wanandoa wakibishana maabara kwenye Chuo Kikuu cha Washington huko Marekani, aliwafuatilia na kukuta kwamba asilimia 69 ya migogoro yao ni ile isiyokwisha, inatokana na tofauti za kudumu za watu wawili. Walioridhika walikuwa nayo kama wengine. Waliweza kuizungumza bila kudharauliana, basi. Utakuwa unazungumza habari za mama mkwe na akiba mpaka unastaafu, na hilo linavumilika kabisa kama unayezungumza naye anakuambia kweli.

Na hapa ndipo ninaposimama, mwanangu. Milioni 4.3 kwa mwalimu na fundi ni mzigo, lakini si wa kuvunja uchumba. Majibu ndiyo yaliyonisumbua. Ulimuuliza mara ya kwanza, akakudanganya ukiwa unamtazama usoni. Ukarudi na ushahidi, akatoa kipande kinacholingana na ushahidi ulionao, akaongeza "hayo ndiyo yote." Mdogo wake aliporopoka, akatoa kipande kingine, na neno lilelile. Hajawahi kukuambia jambo ambalo hukuwa umeshalishika mkononi. Mtu anayesema ukweli kwa kadiri alivyobanwa anakufundisha kuwa mpelelezi, na mke mpelelezi hana raha hata siku ambayo hakuna kilichofichwa. Utapekua mifuko ukiwa na miaka 45. Ndiyo maana hata sasa, anapokuambia habari ya upasuaji ambayo uliiona kwa macho yako, moyo wako hautulii.

Kuna utafiti wa karibuni zaidi, wa mwaka 2020, ulioongozwa na Samantha Joel na Paul Eastwick, uliounganisha takwimu za tafiti 43 zenye jozi zaidi ya 11,000 za wapenzi. Walitaka kujua ni nini hasa kinachoeleza mtu kuridhika na uhusiano wake. Sifa za mtu, hulka yake, umri wake, vilieleza kiasi. Kilichoeleza zaidi ni namna anavyouona uhusiano wenyewe: je, anaamini mwenzake amejifunga kwake kweli? Anathaminiwa? Wanagombana kiasi gani? Angalia hilo la kwanza, ni suala la kuamini. Huwezi kuamini kwamba mtu amejifunga kwako kama kila neno lake unalipeleka kwa wifi likahakikiwe.

Je, anaweza kubadilika? Nadhani anaweza, na sababu yangu ni lile alilokuambia: "Nilikuwa naogopa mdomo wako." Wengine wataliona ni kisingizio, na kwa sehemu ni kisingizio kweli, kwa kuwa mtu mzima anayeogopa maneno bado ana wajibu wa kusema. Deni ni lake na uongo ni wake. Lakini wewe mwenyewe ulilitaja, hukulificha, na nakuheshimu kwa hilo, kwa hiyo nitakuambia wazi. Mwaka juzi alikuja na ukweli kwa miguu yake. Hakubanwa na mtu. Laki mbili zimepotea, kakwambia. Ukamsema mwezi mzima na kumwita mjinga mbele ya shemeji yake. Kwa mwanaume wa kabila lolote hapa kwetu, kuitwa mjinga mbele ya shemeji si jambo la kusahau kesho yake. Alijifunza siku ile kwamba kwako ukweli una bei kubwa kuliko uongo, na mkopo uliofuata akaufuata kimyakimya. Hiyo hulka ya kuwaka na kuchelewa kupoa niliyoitaja kule juu, mwanangu, kwenu nyumba nzima ninaiona kwako kuliko kwake.

Sisemi ukae kimya. Sema, kasirika, lia ukitaka. Ila hasira iwe na mwisho wake na iwe ya ninyi wawili. Mwombe radhi kwa lile neno la mbele ya dada, na umwombe dada akiwepo, kwa kuwa ndiko lilikosemewa. Usilifanye kama kubadilishana, kwamba nakuomba radhi ili na wewe useme yote. Omba kwa sababu lilikuwa baya.

Kiwanja usikiuze. Si kwa deni hili, wala usikiweke dhamana popote, wala usichukue mkopo kwa jina lako "wa harusi" ambao utaishia kwa kausha damu. Deni alilipe yeye kwa mshahara wake, hata kama itachukua mwaka na nusu. Ukilipa wewe leo, hutajua kamwe kama amejifunza kitu, na ukimya wake utakuwa umeokolewa tena.

Lakini mwambie kwamba kipo. Najua mama alikushauri nini, na najua kwa nini. Mama zetu waliona wenzao wakifukuzwa na mabegi, wakafundisha mabinti kuficha. Kwenye kitchen party bado tunafundishana hivyo mpaka leo. Siku hizi sheria imekutangulia. Chini ya Sheria hiyo ya Ndoa, ndoa haihamishi umiliki wa mali: ulichokuwa nacho kabla kinabaki chako, na mwanamke aliyeolewa ana haki ya kumiliki na kuuza mali kwa jina lake sawa na mwanaume. Mkianza kujenga pale kwa jasho la wote wawili ndipo hesabu inabadilika, maana mali ya mmoja iliyoendelezwa sana na wote wakati wa ndoa mahakama inaweza kuihesabu kwenye mgawanyo. Hakikisha karatasi za mauziano zina jina lako na zimehifadhiwa, kisha jina hilo ndilo ulinzi wako, huhitaji siri. Unamlaumu kwa "hayo ndiyo yote," na wewe una lako ambalo halimo kwenye yote. Ukubwa haulingani, nakubali. Wewe hukumtia mtu aibu wala deni. Ila siku atakapokisikia kwa mtu mwingine, kwa mfano kwa huyo mdogo wake wa kike, itamuuma palepale ulipoumia wewe.

Kikao chenyewe nakishauri hivi. Tafuteni siku isiyo ya kamati, mahali pasipo ndugu. Yeye aje na hati ya mshahara, karatasi ya SACCOS, simu yenye zile programu tatu, na jina la mkopeshaji wa mtaani. Wewe uje na hati yako ya mshahara, daftari la mchezo na karatasi za kiwanja. Daftari moja, kalamu moja, yeye ndiye aandike. Aanze yeye. Wewe usiseme neno mpaka aweke kalamu chini, hata akitaja kitu kipya. Naomba hilo ulishike sana, kwa kuwa nategemea kitu kipya kitatajwa. Kikitajwa, mwanangu, hiyo ni habari njema: itakuwa mara ya kwanza amekupa kitu usichokuwa nacho. Ukikilipukia, umeifunga hiyo njia. Chukua pumzi, sema "asante kwa kuniambia," hasira yako ilete kesho yake.

Baada ya hapo wewe ueleze kiwanja.

Kisha mpange lile la ndugu: kiasi cha kila mwezi kwa mama na mdogo, kiandikwe kwa tarakimu. Na ajulishe mwenyewe nyumbani kwao, isiwe wewe, vinginevyo utaingia ukweni ukiwa mke aliyekata ada ya mtoto.

Kuhusu waliotuma picha yake kwa watu, msiwaogope. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Angalieni kama hizo tatu zimo. Na kusambaza picha na taarifa za kitambulisho cha mtu kwa marafiki zake ili kumdhalilisha kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ule ujumbe wako uliufuta, lakini wa mshenga na wa mwenyekiti huenda bado upo. Uombeni, muuhifadhi pamoja na namba zilizotuma. Deni halali atalilipa, ila kudhalilishwa si sehemu ya riba. Na yeye mwenyewe aende kwa mshenga, aseme, "Ujumbe ule ulikuwa wangu, nadaiwa, nalipa." Akiweza kulisema hilo mbele ya mzee yule, nitakuwa na matumaini naye kuliko akilipa laki sita kesho.

Umeniuliza uendelee au uache, na sikukimbia swali. Endelea naye kama kikao kimefanyika, karatasi zote zimewekwa mezani, laki tisa zina maelezo yanayofanana na miamala, na miezi miwili mitatu ijayo amekuambia jambo lolote baya kabla hujaligundua. Hata dogo, hata la elfu ishirini. Acha kama atakataa kuonyesha, kama atakugeuzia kibao kwamba humheshimu kwa kuuliza mshahara, au kama baada ya kikao mtu mwingine atakuletea deni la nne. Hapo usiangalie ukumbi umelipiwa kiasi gani. Na kama zipo zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa kufungwa, sheria inaruhusu kuzidai mahakamani, kwa upande wake na kwa upande wako pia, kwa hiyo muandike nani alitoa nini.

Dada yako usigombane naye, ila jambo hili lisipitie kwake tena. Mama yako mzazi mwambie mwenyewe wiki hii, kabla mwenyekiti hajamwambia baba mdogo.

Na kamati: leo hii mpigie mwenyekiti, ameonyesha ana busara. Mwambie mweka hazina asilipe malipo mapya, fedha zilizokusanywa zikae zilipo na orodha ya waliochanga itunzwe. Wakiuliza, jibu ni kwamba tarehe itatangazwa upya. Zaidi ya hapo hawadai maelezo.